Sayyid Barghash: mrithi ambaye hakutangazwa, na pwani iliyoishia Ruvuma

Ukitoka Mtwara mjini ukapita Msimbati na kuendelea kusini kando ya bahari, nchi yetu inaishia kwenye mlango wa mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji. Wavuvi na wachuuzi wa pande zote mbili wanavuka, Kimakonde kinasemwa huku na huko, na wengi wetu tuna shangazi au mjomba upande wa pili. Hata hivyo mpaka upo, na mara kwa mara tunaulizwa: nani aliamua uwe pale?

Waliouandika kwenye karatasi ni Wajerumani na Wareno, mwezi Desemba mwaka 1886, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwenyeji. Kabla yao, bendera nyekundu ya Zanzibar ilipepea Lindi, ikapepea Mikindani, ikavuka mto na kupepea Tungi, kwenye ghuba iliyo kusini ya Rasi Delgado. Mwenye bendera hiyo siku zile alikuwa Sayyid Barghash bin Said. Wengi wanamkumbuka kwa jumba la Beit al-Ajaib pale Unguja. Sisi leo tunamkumbuka kwa jambo jingine. Tunaona maisha yake yote, tangu ujana hadi kaburini, yaliendeshwa na swali ambalo ukoo wake haukuwahi kulijibu: mtawala akifa, nani anakaa kitini?

Mpwa, mwana na ndugu

Huku kusini wazee wetu walikuwa na jibu lao. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukubwa ulifuata upande wa mama. Mjomba akifariki, anatafutwa mpwa, mtoto wa dada yake. Kwa Wayao mrithi huyo alichukua hata jina la marehemu, ndiyo maana ukisikia habari za Mataka, mkubwa wa Mwembe ambaye David Livingstone alifika kwake mwaka 1866, utasikia pia habari za Mataka wa pili na wa tatu. Ugomvi haukukosekana, maana dada anaweza kuzaa wana wengi. Lakini watu walijua waanzie nyumba gani.

Waingereza nao walikuwa na njia yao. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume wa mfalme hupewa cheo cha Prince of Wales, yaani mwana wa mfalme wa Wales. Cheo hicho kina asili ya mabavu. Wales ilikuwa nchi yenye watawala wake, na mmoja wao, Llywelyn ap Gruffudd, aliuawa vitani mwaka 1282 na watu wa Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza. Mwaka 1301 Edward akakichukua cheo cha walioshindwa akamvika mwanawe. Tangu hapo kila aliyekiona cheo kile juu ya kijana alijua kwamba huyo ndiye anayesubiri. Mwaka 1337 wakaongeza kingine, Duke of Cornwall, ambacho mtoto wa kwanza wa kiume wa mfalme hukipata bila kungoja kupewa.

Faida yake ilionekana mapema. Mwaka 1376 mrithi aliyekuwa na vyeo vyote viwili, Edward, yule waliyemwita baadaye Mwana Mweusi wa Mfalme, alikufa kabla ya baba yake. Cheo cha Wales akapewa mtoto wake mdogo Richard, na mwaka uliofuata mtoto huyo akawa mfalme akiwa na umri wa miaka 10. Ndugu za marehemu walikuwapo, watu wazima, wenye mali na askari, lakini wakakaa kando.

Tusiwasifu kupita kiasi. Mwaka 1483 kijana mwingine aliyekuwa na cheo hicho hicho, Edward wa Tano, alirithi ufalme akiwa chini ya ulinzi wa baba yake mdogo. Akawekwa ndani ya ngome ya London pamoja na mdogo wake, na baba mdogo akajitangaza mfalme. Watoto wale hawakuonekana tena. Cheo hakizuii kisu. Kinachofanya ni kuwafahamisha watu wote, mapema, kwamba aliyechukua kisu amevunja ada.

Katika ukoo wa Al-Busaidi, waliotawala Omani na baadaye Zanzibar, ada ya namna hiyo haikuwapo. Kwa desturi ya Ibadhi, imamu huchaguliwa kwa kufaa kwake. Baba yake Barghash, Sayyid Said bin Sultan, hata cheo cha uimamu hakukishika. Aliitwa Sayyid, na jina la Sultani lilizoeleka zaidi kwa wageni. Mwana wa kwanza hakuwa na haki kuliko wa tano. Aliyekubaliwa na wakubwa, akawa na mali ya kuwalipa askari, ndiye aliyetawala. Kwa jangwani na milimani Omani labda hilo lilikuwa na maana yake, kwani mtu dhaifu hakuachiwa kazi ya mtu hodari. Lakini Sayyid Said aliacha watoto 36 walio hai.

Usiku wa maiti

Barghash alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Hilo halikuwa aibu wala upungufu, maana watoto wa Sayyid Said waliobaki wote walizaliwa na masuria, na kwa sheria walikuwa sawa. Alikua katika nyumba kubwa zilizojaa ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, na kila mama alikuwa na watu wake.

Mzee alijaribu kupanga mambo. Mwaka 1844 aliwaandikia Waingereza kwamba akifa, Khalid atakuwa na Afrika na Thuwaini atakuwa na Omani. Hapo palikuwa na kitu kinachofanana na cheo cha mrithi. Kisha, mwaka 1854, Khalid akafa kabla ya baba yake, kama yule Edward wa Uingereza. Tofauti ni kwamba hapakuwa na ada ya kusema nani anafuata. Sayyid Said, aliyekuwa Omani wakati ule, alimweka Majid kuangalia Zanzibar, basi.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Sayyid Said alifia baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa njiani kurudi Zanzibar. Barghash alikuwa naye melini. Alikuwa kijana wa miaka 19 hivi, na alijua jambo ambalo Majid hakulijua bado. Meli ilipokaribia Unguja, Barghash alishuka usiku na maiti ya baba yake ili aizike kimya kimya, na akajaribu kuiweka ngome mkononi mwake kabla ya habari kuenea. Jemadari wa ngome hakumkubalia. Kulipopambazuka Majid alikuwa ameshajua, na mambo yakawa yake.

Tumelifikiria sana tukio hilo. Ni rahisi kumwita Barghash mwana asiye na huruma, aliyeifanya maiti ya baba kuwa ngazi. Lakini katika nyumba isiyokuwa na mrithi anayejulikana, anayelala usiku wa kwanza ndiye anayeamka mtumwa wa ndugu yake. Majid naye angefanya vivyo hivyo kama angekuwa melini.

Mwaka 1859 akajaribu tena, safari hii kwa silaha. Thuwaini wa Omani alikuwa ametaka kuja na majeshi kuichukua Zanzibar, Waingereza wakamzuia njiani. Barghash akawakusanya wakubwa wa kabila la Al-Harthi na ndugu zake waliokuwa upande wake, wakiwamo dada zake Khole na Salme. Salme alikuwa msichana wa miaka 15 tu, na kwa kuwa alijua kuandika ndiye aliyeandika barua za siri. Majid alipogundua aliizingira nyumba ya Barghash mjini. Dada zake wakaingia kumtazama, na walipotoka, miongoni mwa wanawake waliojifunika buibui palikuwa na mmoja mrefu kuliko kawaida. Alikuwa Barghash. Akafika shamba la Marseilles, akajiimarisha huko na mamia ya watu.

Majid peke yake alishindwa kumtoa. Aliyemaliza kazi ni konseli wa Uingereza pamoja na mabaharia wa manowari. Barghash alirudi mjini, akajisalimisha, na akapelekwa uhamishoni Bombay.

Hapo ndipo tunaomba msikilizaji aweke alama. Ndugu wawili waligombea kiti, na mwamuzi akawa mgeni. Mwaka 1861 mtawala Mwingereza wa India ndiye aliyeitenga rasmi Zanzibar na Omani, akaamuru Zanzibar iilipe Omani riale 40,000 kila mwaka. Pale ambapo ada haikutaja mrithi, konseli alianza kumtaja.

Kitini

Bombay ilimfundisha Barghash. Alikaa huko kama miaka miwili, akauona mji wenye viwanda, meli za moshi na maji ya bomba. Aliporudi alikaa kimya, akangoja. Majid alifariki Oktoba 1870 bila mtoto wa kiume, na Barghash akatawazwa kwa ridhaa ya Waingereza wale wale waliomfukuza. Kazi ya Majid ya kujenga mji mpya wa Dar es Salaam aliiacha. Majumba yake yakaanza kuota nyasi.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Meli zilizama bandarini na mikarafuu iling'oka mashamba kwa mashamba. Pemba ilisalimika, na ndiyo maana karafuu zikawa za Pemba kuliko Unguja hadi leo. Hazina ikiwa tupu hivyo, Januari 1873 alikuja Sir Bartle Frere kutoka London na mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari.

Hapa hatutamremba. Barghash hakuipinga biashara ile kwa moyo wake. Utajiri wa Zanzibar ulitoka kwenye meno ya tembo, karafuu na watu, na watu wengi walitoka huku kwetu. Misafara ilitoka pande za ziwa Nyasa, ikapita nchi ya Wayao, ikateremka Kilwa na bandari ndogo za kusini. Bibi na babu za wasikilizaji wetu wengi walifungwa minyororo katika njia hizo. Barghash alimkatalia Frere. Baadaye konseli John Kirk alipomweleza kwamba manowari zitaizingira Zanzibar, alitia saini, tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa mjini likafungwa. Wafanyabiashara wakahamia nchi kavu, wakawatembeza watu kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini. Mwaka 1876 alitoa amri ya kupiga marufuku misafara hiyo pia. Utumwa wenyewe, wa mashambani na majumbani, uliendelea baada yake.

Alichokipata kwa kutia saini ni urafiki wa Kirk, na urafiki huo ulimpa nguvu kwa miaka kumi. Alipata jeshi la nchi kavu mwaka 1877 chini ya ofisa Mwingereza, Lloyd Mathews. Alileta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, na watu waliyateka bure. Alinunua meli za moshi, akaleta mashine ya kuchapa vitabu. Mwaka 1883 Beit al-Ajaib ikamalizika, yenye taa za umeme wakati miji mingi ya Ulaya ilikuwa bado inawasha mafuta.

Wana wawili wa wafalme

Mwaka 1875 alialikwa Uingereza. Alitembelea London na miji ya viwanda, akapokewa na Malkia Victoria pale Windsor, na alikutana pia na mwana wa malkia, Albert Edward, aliyekuwa na cheo kile tulichokieleza, Prince of Wales.

Tunapenda kuwafikiria wawili hao chumba kimoja. Albert Edward alikuwa na miaka 33. Cheo alikipata mwaka 1841 akiwa mtoto wa wiki chache, na hakuna ndugu yake aliyefikiri kumpokonya. Alikuwa anangoja tu, na angengoja hadi mwaka 1901, akiwa na miaka 59. Mbele yake alikaa Barghash, karibu wa rika lake, ambaye hakuwahi kupewa cheo chochote cha mrithi, aliyejaribu usiku wa maiti, akajaribu kwa bunduki, akafukuzwa, akarudi, na sasa miaka mitano alikuwa kitini. Mmoja alikuwa na uhakika bila madaraka. Mwingine alikuwa na madaraka bila uhakika, kwani ndugu zake nyumbani walikuwa wangapi?

Na uhakika ule aliukosa kweli. Alipokuwa mtawala aliwatilia shaka ndugu kama alivyotiliwa shaka yeye. Mdogo wake Khalifa alimtia kifungoni kwa kuogopa njama. Salme, yule mwandishi wa barua, alikuwa ameondoka Zanzibar mwaka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Barghash hakumsamehe kamwe. Kumtangaza mrithi hakutangaza. Tunaelewa kwa nini: kumtaja mrithi ni kumpa mtu sababu ya kukutakia kifo. Lakini kutomtaja kuna gharama yake, na gharama hiyo ililipwa na pwani.

Makaa ya mawe ya Ruvuma

Turudi kusini, maana kuna habari ambayo watu wa Newala, Nanyamba na Kitaya wangepaswa kuisikia shuleni.

Mikindani wakati wa Barghash haikuwa bandari ya kulala. Biashara ya watumwa ilipobanwa, mpira wa mwitu kutoka uwanda wa Makonde na mabonde yake ulianza kupata bei. Watu waliingia msituni, wakakinga utomvu wa mitoria na kuuviringa kuwa mipira, wakaushusha pwani pamoja na sandarusi na meno ya tembo. Liwali wa Sultani alikaa pale na askari wachache, na ushuru ulikwenda Zanzibar. Ndani ya bara hali ilikuwa nyingine. Machemba na wakubwa wengine wa Kiyao na Kimakonde walijitawala, wakaheshimu bendera pale ilipowafaa kwa biashara.

Livingstone alikuwa amesema aliona makaa ya mawe alipopanda Ruvuma. Barghash alikuwa na meli za moshi, na makaa ya kuziendesha yalinunuliwa kutoka ng'ambo kwa bei kubwa. Basi mwaka 1881 akamwajiri Mskoti kijana, Joseph Thomson, aliyekuwa amesomea mawe, aende kuyatafuta. Thomson alitoka Mikindani, akavuka uwanda wa Makonde, akaufuata Ruvuma mpaka karibu na unapokutana na Lujenda. Alichokikuta ni mawe meusi ya udongo mgumu yenye mafuta kidogo. Ukiyatia motoni hayawaki kama makaa. Sultani hakufurahi, na mkataba wa kijana yule ukaishia vibaya.

Kisa kidogo, lakini kinaonyesha kwamba Barghash hakuitazama Ruvuma kama mwisho wa dunia. Aliona bonde lenye mali, lililo katikati ya milki yake, siyo ukingoni.

Bendera kushuka

Mwishoni mwa 1884 Carl Peters na wenzake walipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami wakikusanya alama za wakubwa kwenye karatasi, na Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akazipa karatasi hizo ulinzi wake. Barghash alipeleka malalamiko Berlin. Jibu lilikuwa manowari tano, zilizotia nanga mbele ya jumba lake Agosti 1885, mizinga ikiangalia madirisha. Alimtegemea Kirk. Safari hii London ilikuwa na haja na Ujerumani kwa mambo mengine, Kirk akaambiwa anyamaze. Sultani akakubali.

Wajerumani walikuwa na karata nyingine. Pamoja na meli zao, Salme aliletwa, sasa mjane anayeitwa Emily Ruete, na mtoto wake wa kiume alikuwa hai. Unaona hesabu yao? Katika nyumba isiyokuwa na mrithi anayejulikana, kila mtoto wa kila dada anaweza kufanywa mrithi na mwenye mizinga. Hawakuhitaji kuitumia karata ile mpaka mwisho, kuionyesha kulitosha.

Mwaka 1886 Uingereza, Ujerumani na Ufaransa walituma watu wapite pwani yote na kuuliza: hapa kuna liwali? Kuna askari? Ushuru unalipwa kwa nani? Kisha, miezi ya Oktoba na Novemba, wakakubaliana kwamba bara si ya Sultani. Wakamwachia visiwa, miji kadhaa ya Somalia, na ukanda wa maili 10 za pwani, kilomita 16 hivi, kutoka Kipini karibu na mto Tana mpaka mto mdogo wa Minengani, kichwani mwa ghuba ya Tungi. Kwa maneno mengine, Mikindani ilibaki yake, mlango wa Ruvuma wote ulibaki wake, na ng'ambo ya mto kidogo pia. Barghash aliukubali mwezi Desemba, kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Ureno haikuitwa kwenye meza ile. Tarehe 30 Desemba 1886 ikakubaliana na Ujerumani kwamba kati yao mpaka uwe Ruvuma. Kisha ikamtaka Barghash aondoke Tungi. Alipochelewa kujibu, Februari 1887 meli za Ureno zilivipiga mizinga vijiji vya Tungi na Minengani, askari wakashuka, nyumba zikachomwa. Meli yake moja ikakamatwa. Watu walikimbia ndani, wengine kaskazini kuvuka mto. Barghash aliomba msaada kwa wale waliotia saini miezi mitatu tu kabla kwamba Tungi ni yake. Walimshauri awe na subira.

Hivyo ndivyo mpaka ulivyofika mtoni. Na hata hapo haukutulia. Kionga, kijiji kilicho kusini ya mlango wa Ruvuma, kilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, kikarudishwa kwa Wareno kwa vita mwaka 1916, na kupewa kwao kwa mkataba wa Versailles mwaka 1919. Wazee waliozaliwa hapo kabla ya 1887 na kuishi miaka mingi waliona bendera tatu bila kuhama nyumba.

Barghash alikuwa mgonjwa tayari, kifua kikuu na matende. Mwanzoni mwa 1888 alikwenda Omani kuoga maji ya moto ya Bausher. Hayakumsaidia. Alirejeshwa Zanzibar jioni ya tarehe 26 Machi akiwa taabani, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 27 alikuwa amefariki, akiwa na miaka 51 hivi. Tena mtawala wa Zanzibar amerudi na meli, safari hii akiwa hai kwa saa chache tu, na tena mrithi hajatajwa.

Aliyefuata ni Khalifa, ndugu aliyewahi kufungwa naye. Hakuwa amefundishwa utawala hata kidogo. Tarehe 28 Aprili, mwezi mmoja tu baadaye, Khalifa aliikabidhi kampuni ya Wajerumani pwani yote kutoka Umba hadi Ruvuma iiendeshe kwa jina lake. Barghash mwenyewe alikuwa ameanza mazungumzo hayo mwaka uliotangulia, kwa hiyo lawama yote si ya Khalifa. Agosti maofisa wa kampuni wakatua bandarini na bendera yao. Mwezi Septemba watu wa Mikindani na Lindi, pamoja na watu wa bara, wakawatoa, nao wakakimbilia jahazi. Ilimchukua Wissmann mpaka Mei 1890 kurudi Kilwa, Lindi na Mikindani kwa majeshi. Mwaka huo huo Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4 na pwani ikatoka kwa Zanzibar moja kwa moja.

Barghash aliacha mtoto wa kiume, Khalid, aliyekuwa na miaka 14 baba yake alipofariki. Kwa ada ya Windsor angekuwa ndiye. Zanzibar walipita ndugu wawili wa baba, kisha binamu, wote kwa idhini ya konseli. Binamu huyo, Hamed bin Thuwaini, alipokufa tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia katika jumba la mfalme bila kumuuliza mtu na kujitangaza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Uingereza zilifyatua mizinga. Kwa muda usiofika saa moja jumba lilikuwa kifusi, na watu wapatao 500 wa upande wake walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia kwa konseli wa Ujerumani, akavushwa Dar es Salaam, mji ule aliouacha baba yake, akaishi humo mpaka Waingereza walipomkamata wakati wa vita kuu ya kwanza na kumpeleka uhamishoni visiwa vya Saint Helena na Shelisheli. Alifia Mombasa mwaka 1927.